Madam Kozi Anafunga Ofisi

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2026, saa kumi jioni, Bi. Marcella Nyakerario Ogeto atafunga mlango wa ofisi ya karani katika Shule ya Mseto ya Kapsitoi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumika miaka thelathini na minne, miezi tisa na siku kadhaa ambazo yeye mwenyewe anazijua zote, maana ndiye aliyekuwa akitunza faili za likizo. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake katika jarida hili. Nilipewa kwa sababu ninafundisha Kiswahili, na pia kwa sababu wenzangu wote waliopendekezwa walikumbuka ghafla kwamba wana karatasi za kusahihisha.

Kabla sijafika mbali ni lazima nikiri jambo. Kwenye ubao wa majukumu, mbele ya jina langu, Kipkorir, pameandikwa "Mwalimu wa Mwongozo wa Taaluma". Maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayepaswa kuwaelekeza vijana wanaomaliza Kidato cha Nne wachague kozi gani, katika chuo gani, na wajiandae vipi kwenda huko. Cheo hicho ninacho huu mwaka wa kumi na mbili. Kazi yenyewe ameifanya Bi. Marcella. Mimi nimehudhuria semina na kula chakula cha mchana cha semina, na ninaomba ieleweke kwamba sijakosa hata moja.

Bi. Marcella alishuka hapa Kapsitoi tarehe mosi Juni 1991 kutoka milima ya Kisii, akiwa na miaka ishirini na mitano, cheti cha kupiga taipu na sanduku moja la mbao. Kikipsigis hakujua hata cha kuombea maji. Baada ya miaka miwili alikuwa akibishana na muuza maziwa kwa Kikipsigis hadi muuza maziwa akabadilisha njia. Leo anazijua koo zetu kuliko sisi wenyewe. Wanafunzi walioomba ruhusa ya kwenda kumzika nyanya waliishia kuaibika, kwa sababu Bi. Marcella alikuwa akiinua macho kwenye taipu na kusema, kwa upole kabisa, kwamba nyanya huyo amemsalimia jana sokoni Kapkatet na alikuwa akinunua kabichi mbili.

Haya ya kozi yalianza katikati ya miaka ya tisini. Siku hizo fomu za kuchagua vyuo zilikuwa za karatasi, na kazi ya karani ilikuwa kuzikusanya na kuzitia kwenye bahasha. Lakini kumpa Bi. Marcella karatasi na kumwambia asiisome ni sawa na kumpa mbuzi mahindi ashike. Alizisoma zote. Akakuta kijana mmoja amechagua masomo ya bahari. Kijana huyo maishani mwake alikuwa hajaona maji mengi kuliko ya josho la ng'ombe. Bi. Marcella akamwita, akamteremsha hadi kwenye mto ulio chini ya shule, akamwambia aingie mpaka magotini. Kijana akakataa katakata. Fomu ikachanwa palepale, ikajazwa nyingine, na leo kijana huyo ni daktari wa mifugo anayeheshimika, tena nchi kavu.

Tangu hapo hakuna fomu iliyotoka shuleni bila yeye kuipitia. Wanafunzi wakambandika jina la Madam Kozi. Husema halipendi. Hata hivyo mzazi akija baada ya saa za kazi akiulizia karani, huambiwa kwamba karani amekwenda nyumbani, ila kama anamtaka Madam Kozi, aketi.

Mbinu yake kila mkulima wa hapa anaielewa. Chai nzuri, kama tujuavyo, ni majani mawili na chipukizi. Kozi pia, asema Bi. Marcella, ni hivyo hivyo. Chipukizi ni ile ndoto yako, ile inayokukosesha usingizi. Majani mawili ni zile kozi ambazo alama zako zinatosha na ambazo ukipewa hutalia. Ukichuma chipukizi peke yake kikapu hakijai, na ukichuma majani makavu peke yake kiwanda kinakurudishia. Mimi nimesikia maprofesa watatu wakieleza jambo hilo hilo kwa picha za rangi ukutani kwa siku mbili nzima, na nilitoka sijaelewa.

Wala hakuwa wa watoto wa alama kubwa tu. Hapo ndipo anapokuwa mkali. Mzazi akithubutu kusema mtoto wake "amefeli", atatoka ofisini akiwa mdogo kuliko alivyoingia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, humwambia, na kisha humtajia njia: kuna cheti, kuna stashahada, kuna ufundi, na kila moja ina mlango wa nyuma unaotokea chuo kikuu. Mageto, aliyepata D+ mwaka 2009 na kutaka kujificha kwa mjomba wake, alipelekwa na Bi. Marcella akasomee ufundi wa mabomba. Akapanda ngazi hiyo hadi shahada ya uhandisi wa maji. Ndiye aliyetujengea tangi letu, na alipokuja kulikagua aliwauliza walimu wa fizikia maswali mawili ambayo mpaka sasa wanayajibu.

Tena hakuona kazi imekwisha barua ya kuitwa chuoni ikifika. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya vyuo kufunguliwa, huwaita waliopata nafasi wote katika kile anachokiita maandalizi na wao wanakiita jeshi. Huko hufundishwa kupika ugali wa mtu mmoja, kufua blanketi, kutoa nakala kumi na mbili za kila karatasi, na kumkimbia mtu yeyote anayekungoja kwenye lango la chuo akisema ametumwa akusaidie kujisajili. Halafu kuna mtihani wa ndoo. Ni kuoga mwili mzima, na nywele, kwa nusu ndoo ya maji baridi, saa kumi na mbili asubuhi, na baridi yetu hii mnaijua. Wanaofaulu hupewa chai. Wasiofaulu hupewa nusu ndoo nyingine. Binti mmoja aliandika kutoka chuoni kwamba hosteli ilikauka maji siku tisa na katika ghorofa yao ni yeye peke yake aliyenukia vizuri.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kila mtu wa Kapsitoi anadhani anakijua. Jamani, hamkijui. Mimi nilikuwapo, na nimenyamaza karibu miaka saba.

Matokeo yaliyotoka mwishoni mwa mwaka 2018 yalituletea A- ya kwanza katika historia ya shule hii. Aliyeipata ni Chepkosgei, binti wa Mzee Kipkirui, yule ambaye shamba lake la chai limepakana na ua wetu. Tuliimba, tulicheza, Mwalimu Mkuu wa wakati huo alilia mbele ya gwaride. Naye Mzee Kipkirui aliteremka hadi kwenye kituo cha majani, mahali ambapo wakulima wote hupanga foleni kusubiri majani yao yapimwe, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni baba wa daktari.

Wakati wa kuchagua kozi kwenye mtandao ulipofika, mzee hakuja shuleni. Alichukua makaratasi ya mtoto, akamwacha mtoto mwenyewe akichuma chai, akaenda peke yake saiba ya Kapkatet, kwenye kompyuta za kulipia. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba kila kozi ina pointi zake inazodai. Akaipigia hesabu kama mkulima. Kwenye mizani, gunia zito ndilo gunia zuri. Basi akamwambia kijana wa saiba azipange kozi zote kwa uzito, kisha akachagua nzito kuliko zote. Kulikuwa na nafasi sita za kujaza. Akajaza udaktari, udaktari, udaktari, udaktari, udaktari na udaktari, katika vyuo sita. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Msiba ulikuwa huu. Pamoja na A- yake, Chepkosgei alipungukiwa na pointi mbili na nusu ili apate udaktari katika chuo chochote kati ya hivyo. Vyote sita vingemkataa, na kwa kuwa hakuwa na chaguo jingine hata moja, binti bora tuliyewahi kumfundisha angebaki nyumbani bila chuo, huku waliopata C+ wakifunga masanduku.

Tuligundua siku ya mwisho ya marekebisho, Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mvua imenyesha wiki nzima. Tovuti ingefungwa saa kumi na moja jioni. Saa nane unusu Chepkosgei aliingia ofisini analia, ameshika karatasi aliyoikuta katika koti la baba yake. Bi. Marcella aliisoma, akavua miwani, akatamka jambo kwa Kigusii ambalo nimemwomba anitafsirie tangu siku hiyo na hajakubali.

Kulikuwa na tatizo jingine. Kule saiba mzee alibadilisha nywila. Alijisifu kwa mtoto kwamba ameweka namba ambayo hawezi kuisahau hata akipoteza fahamu, yaani namba yake ya mkulima, ile inayoandikwa kwenye risiti za majani. Na hapa kwetu namba ya mkulima haitajwi ovyo. Mtu atakwambia siri za ndoa yake kabla hajakutajia namba hiyo. Risiti zote alizifungia katika sanduku la bati, ufunguo ulikuwa shingoni mwake, na simu yake aliizima ili betri isiishe. Yeye mwenyewe alikuwa kituoni, kwenye foleni.

Bi. Marcella akateremka kituoni kwa miguu, na viatu vyake vya ofisini, katika tope lile. Akamweleza Mzee Kipkirui mambo yote kwa Kikipsigis, polepole, mbele ya wakulima wapatao arobaini. Mzee alisema anamwamini robo. Alikubali apande shuleni, afungue hiyo akaunti kwa mkono wake mwenyewe, na kozi nyingine ziwekwe chini, mradi udaktari ubaki juu. Lakini je, foleni? Ukitoka kwenye foleni msimu wa mvua umerudi mwisho, na majani yakilala ndani ya gunia yanapata joto na kukataliwa. Jirani aliyekuwa nyuma yake hakuwa wa kuachiwa kitu, maana walikuwa na kesi ya ua. Ndipo Bi. Marcella akajitwika gunia la mzee mgongoni, akasimama mahali pake, akamwambia aende.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Wahenga hawakubeba kilo ishirini na mbili za majani mabichi yenye maji ya mvua wakiwa wamevaa sketi ya ofisini.

Mzee alifika shuleni saa kumi kasoro dakika chache, akatukuta mimi na Chepkosgei maabara, mbele ya kompyuta. Alifunika kibodi kwa kofia yake, mkono mmoja chini ya kofia, akawa anabonyeza kwa kidole kimoja, na kila alipobonyeza alinitazama kama mwizi. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili mtandao ulipotea. Mtandao wa shule yetu ulikuwa ukipatikana mahali pamoja tu, karibu na dari ya maabara, kwa hiyo mimi nilipanda juu ya meza nikainua modemu kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipokaa alasiri hiyo yote. Hicho ndicho nilichochangia. Saa kumi na dakika ishirini akaunti ikafunguka, na wakati huo huo honi ya lori la kiwanda ikalia huko chini. Mzee aliruka. Akatoka mbio na miaka yake hamsini na minane, huku akipiga kelele kwamba ya juu isiguswe.

Huko kituoni, Bi. Marcella alikuwa amefika mbele. Karani wa kupima majani alikuwa Rodah, ambaye ni mwanafunzi wetu wa 2008. Rodah alilimwaga gunia mezani, akaonyesha mashina, akaonyesha majani magumu, akasema nusu yake hayapokei. Bi. Marcella hajawahi kuuza chai hata siku moja, lakini je, angekubali? Alimuuliza Rodah kama ukali huo ameusomea katika ile stashahada aliyochaguliwa na nani vile. Wakulima wakacheka hadi mmoja akakalia kikapu chake kikavunjika. Rodah naye akakaza, ndivyo alivyofundishwa. Basi Bi. Marcella akakunja mikono ya blauzi na kuanza kupembua jani moja moja, kwa sauti, hili gumu, hili la mwaka juzi, hili nani alilichuma huyu. Alikuwa bado anapembua pale Mzee Kipkirui alipofika akihema, na mzee alichambwa mbele ya umma kwa uchumaji wake mbaya hadi lori likaondoka saa kumi na moja na robo.

Kisa hicho cha kupembua kimekuwa maarufu. Huhadithiwa kituoni kila foleni ikiwa ndefu, na aliyekuwa akikihadithia vizuri kupita wote ni Mzee Kipkirui mwenyewe. Alikuwa akiigiza mpaka sauti ya Rodah.

Nasi huku maabara, saa kumi na dakika hamsini, tulibonyeza kitufe cha mwisho na mashine ikakubali. Wiki kadhaa baadaye majibu yakaja. Chepkosgei amepata nafasi chuo kikuu, shahada ya uuguzi, chaguo lake la kwanza. La kwanza! Juu palikuwa pameandikwa uuguzi, na udaktari haukuwapo popote.

Mzee Kipkirui aliingia ofisini bila kubisha, binti yake akiwa nyuma anatazama sakafu. Akauliza nani aliyemtoa daktari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati nimefungua kinywa, lakini sikuwahi. Bi. Marcella alisema ni yeye. Alisema ndiye aliyemtoa, na angemtoa tena. Maneno aliyoyasema mzee jarida hili haliwezi kuyachapisha. Alimalizia kwa kuapa kwamba hatamsalimia mwanamke huyo mpaka mmoja wao azikwe.

Na hakumsalimia. Mzee alimsindikiza binti yake chuoni kwa maombi na mbuzi, kama baba yeyote, kwa kuwa hasira yote ilibaki hapa ofisini. Alipita dirishani kwa Bi. Marcella akiwa ameangalia mbele kama askari. Kanisani, mchungaji akisema tusalimiane, alimruka na kuisalimia nguzo. Katika mikutano ya wazazi alikuwa akimwambia jirani amwambie karani jambo fulani, na karani, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka hapo, alimwambia jirani huyo amwambie mzee amesikia. Sisi tulicheka. Bi. Marcella pia alicheka, lakini nilimwona zaidi ya mara moja akisogeza kiti ili mzee apitapo dirishani asilazimike kugeuza shingo. Nami nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliambiwa ninyamaze.

Mwezi uliopita, foleni ilikuwa ndefu kituoni na kisa kikaanza tena. Rodah ananiambia Mzee Kipkirui alikuwa anaigiza vizuri sana siku hiyo, amefika pale pa jani la mwaka juzi, kisha akakatiza. Akauliza lori lilikuja saa ngapi siku ile. Wakamwambia saa kumi na nusu hivi, na liliondoka saa kumi na moja na robo. Akauliza Bi. Marcella aliondoka hapo saa ngapi. Wakamkumbusha kwamba hakuondoka, si alikuwa anakuchamba wewe? Mzee akasimama anahesabu kwa vidole. Miaka yote hiyo kulikuwa na mashahidi arobaini, pamoja na yeye mwenyewe, kwamba wakati kozi inabadilishwa, kabla tovuti haijafungwa saa kumi na moja, Bi. Marcella alikuwa kituoni na gunia lake, na hakuna hata mmoja wa wajanja hao aliyeweka mambo hayo mawili pamoja. Mzee alikuwa amebakiza watu watatu mbele yake. Akaacha foleni, akaacha gunia, akapanda kilima. Rodah amefanya kazi hapo miaka kumi na minne na hajawahi kuona mkulima akiiacha mizani inayopima.

Nilikuwa ofisini nimefuata chaki. Mzee alibisha hodi, kitu ambacho peke yake kilinitisha, akauliza ni nani hasa aliyemtoa daktari.

Safari hii niliwahi mimi. Nilimwambia kwamba yeye alipotoka mbio kufuata lori, Chepkosgei alivuta kiti akaketi. Aliufuta udaktari kwa mkono wake mwenyewe, akaandika uuguzi juu, na kozi nyingine mbili chini yake, majani mawili na chipukizi kamili. Alisema udaktari ni ndoto ya baba, yeye uuguzi ameutaka tangu alipomtunza nyanya yake mgonjwa. Kisha akaogopa. Bi. Marcella aliporudi na majani ya chai kwenye nywele, tovuti imefungwa, alimkuta binti analia kwamba baba hatamwacha aende. Akamwambia afute machozi akafunge sanduku lake, na hilo la baba amwachie yeye.

Mzee alikaa kwenye kile kiti cha wazazi. Kofia ikashuka. Akamuuliza Bi. Marcella kwa nini hakumwambia, miaka yote hiyo, hata wakati amemwita maneno yale. Bi. Marcella alimjibu kwamba mtu mwenye hasira kama ile lazima angemkasirikia mtu. "Mtoto alikuwa anaenda mbali, Mzee," akasema. "Angeenda na huzuni yako mgongoni. Mimi nilikuwa nabaki hapa hapa."

Mzee Kipkirui aliinuka akamnyooshea mkono. "Chamgei," akasema. Bi. Marcella akaitikia. Hakuuachia mkono. Akasema chamgei tena, na tena, na mimi nilianza kuhesabu kabla sijajua ninahesabu, akamsalimia mara saba, naye akaitikia zote saba. Yeyote atakayewaambia kwamba Mwalimu Kipkorir alilia ofisini, mwambieni ilikuwa vumbi la chaki. Majani ya mzee yalikataliwa siku hiyo kwa kukaa juani, na hakulalamika.

Chepkosgei sasa ni muuguzi katika hospitali kubwa ya Longisa, wadi ya watoto. Ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika haya, na ameomba zamu yake ibadilishwe ili Ijumaa awepo. Baba yake amesema atakuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na kwamba atakayekigusa kabla ya Bi. Marcella atamjua yeye ni nani.

Bi. Marcella, wewe na mumeo, Mzee Ogeto, mna shamba lenu dogo kule Sigor, mna ng'ombe wawili, na tunaambiwa tayari umewapangia ratiba. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na watoto wote waliotoka hapa na barua mkononi, tunasema kongoi mising, asante sana. Mungu akupe afya, mvua ya kiasi, na asubuhi ambazo hakuna mtu wa kukubishia mlango. Maisha yako yawe mema huko.

Nawe usihangaike kuhusu ofisi. Dirisha la kuchagua kozi za mwaka huu bado liko wazi, na kuanzia Jumatatu asubuhi mzazi yeyote anayetafuta mtu wa kumkasirikia aje tu. Mlango ni ule ule. Aulizie Kipkorir.